Vidoti vya usoni, chokaa na magadi, na kile Ayurveda inachosema hasa

Msomaji wetu wa Sakina, Arusha, anauliza:

"Shikamoo daktari. Nina miaka 29. Tangu niko sekondari nina vidoti vyeusi mashavuni na chini ya macho, na kila mwaka vinaongezeka. Mama yangu naye anavyo vingi usoni, na ana kingine unyayoni ambacho anasema kimekua tangu mwaka jana. Mimi pia nina kimoja pembeni ya pua, nimezaliwa nacho. Harusi yangu imebaki miezi mitatu. Kuna dada anauza dawa za Kihindi, amenipa dawa ya Ayurveda ya kupaka kwenye vidoti, nilale nayo hadi asubuhi. Anasema ni chokaa, magadi na manjano. Amenipa na vidonge vya kusafisha damu. Nimepaka vidoti viwili vya shavuni, pakachoma sana, sasa pana gaga jeusi. Je, niendelee? Ayurveda inaondoa vidoti kweli? Na nifanye nini ngozi ing'ae kabla ya harusi?"

Marahaba mwanangu, na hongera kwa harusi. Nitakujibu kwa kirefu, kwa sababu swali lako naletewa mara nyingi hapa Moshi, na wengi huniletea wakiwa wameshaungua. Lakini kabla ya uso wako, nizungumze kuhusu unyayo wa mama.

Kidoti cha unyayoni kinachokua kwa mtu mzima kinatakiwa kionwe na daktari wiki hii, si baada ya harusi. Kwetu sisi watu weusi saratani ya ngozi inayoitwa melanoma ni nadra, lakini ikitokea hupenda kukaa mahali ambapo ngozi yetu haina rangi nyingi: unyayoni, kiganjani, chini ya ukucha. Bob Marley alifariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36 kwa melanoma iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu, na kwa muda ilidhaniwa ni jeraha la mpira. Huku kwetu ni hivyo hivyo. Mtu anaona weusi unyayoni, anasema nilikanyaga mwiba, au kiatu kimenibana, anapaka majani yaliyopondwa, na anapofika hospitali tezi za kinena zimeshavimba. Mwoshe mama mguu, uukaushe, uutazame kwenye mwanga wa dirishani. Angalia kama kidoti kina rangi zaidi ya moja, kama kingo zake zimechanika-chanika, kama upande mmoja haufanani na mwingine, kama kimezidi milimita sita, kama kinatoa damu au kimefanya kidonda. Kipige picha kikiwa pembeni ya rula. Hata ukikuta hakuna dalili hata moja kati ya hizo, kule kukua peke yake kunatosha kumpeleka. Anzieni Hospitali ya Mount Meru hapo hapo Arusha, mwombe rufaa ya kliniki ya ngozi. Na mtu asikikate juu juu na kukitupa: kinyama kikitolewa lazima kiende maabara.

Sasa shavu lako. Acha kupaka leo. Kama bado kuna mabaki ya dawa pembeni ya gaga, yaoshe kwa maji mengi yanayotiririka, bila kusugua. Gaga lenyewe usilibandue, maana chini yake ngozi inajijenga na ukiling'oa unaongeza kina cha kovu. Osha taratibu kwa maji na sabuni isiyo kali asubuhi na jioni, kausha kwa kugusagusa, paka vaselini kidogo, na ukitoka nje funika kwa kofia pana au mtandio, kwa sababu jua litapafanya peusi kuliko ngozi ya pembeni. Usiweke dawa ya meno, usiweke majivu, usiweke ndimu. Pakivimba, pakiwa pa moto, pakitoa usaha, au gaga likifikisha wiki mbili bila kidonda kufunga, nenda hospitali. Dawa ile ikikuingia jichoni, osha kwa maji nusu saa nzima kabla hata ya kutafuta usafiri.

Vidoti vyako vya mashavuni navidhania ni vitu gani? Jinsi ulivyovieleza (vilianza ujanani, viko mashavuni na chini ya macho, vinaongezeka, mama naye anavyo) vinafanana sana na kile ambacho madaktari wa ngozi wanakiita dermatosisi papulosa nigra. Ni vijipele vidogo vyeusi au kahawia, laini, vimeinuka kidogo, vingine vimening'inia kwa kijikonyo. Vinarithiwa ndani ya familia, huwapata zaidi watu weusi, na wanawake zaidi kuliko wanaume. Ni tabaka la juu la ngozi lililonenepa kwa mafungu madogo madogo. Havigeuki kuwa saratani, haviambukizi, havitokani na damu chafu wala na chakula. Hakuna mtu aliyekufanyia kitu, na wewe hujakosea popote.

Kile cha pembeni ya pua ulichozaliwa nacho ni kitu kingine. Hicho ni kidoti hasa: fungu la seli zinazotengeneza rangi, zimekaa pamoja, mara nyingi zikiwa zimeshuka hadi tabaka la ndani la ngozi. Kama kimekaa vile vile miaka yote, hakijabadilika umbo wala rangi, kina haki ya kubaki hapo. Wapo wengi wanaokwenda kwa mpambaji kuchorewa kidoti kama hicho. Kikibadilika, kinatazamwa na daktari, hakipakwi dawa.

Nimeeleza tofauti hii kwa sababu dada aliyekuuzia amevipaka vyote jina moja na dawa moja. Ayurveda yenyewe, yaani tiba ya jadi ya India, haifanyi hivyo. Mimi ni tabibu wa ngozi, na Ayurveda nimeisoma kwa sababu wagonjwa wangu wanaitumia, na kwa sababu miji yetu hii miwili ina familia za Kihindi zilizoishi nayo vizazi kwa vizazi. Naiheshimu. Kwenye kitabu cha kale cha tiba na upasuaji cha India, Sushruta Samhita, ambacho kina umri wa zaidi ya miaka elfu moja, kuna sura nzima ya magonjwa madogo madogo, na alama za ngozi zimetenganishwa kwa makini. Tilakalaka ni doa jeusi lisilouma, lenye ukubwa wa mbegu ya ufuta, lililolingana na ngozi. Mashaka ni kinundu kigumu cheusi kilichoinuka, kisichouma. Jatumani ni alama ya kuzaliwa, laini, imeinuka kidogo. Nyaccha ni baka kubwa au dogo la tangu kuzaliwa. Na vyanga ni ule wingu wa kahawia unaotanda usoni, ambao leo tunauita melasma, na ambao wazee hao walisema unachochewa na hasira na uchovu. Kila kimoja kina maelezo yake ya chanzo, kwa lugha yao ya vata, pitta na kapha, nguvu tatu ambazo Ayurveda inasema zinatawala mwili, na kila kimoja kina tiba yake.

Na tiba ya vidoti ni ipi? Hapa ndipo nataka unisikilize vizuri, kwa sababu wauzaji wengi hawajui, na wanaojua hawasemi. Kwa jatumani, mashaka na tilakalaka, Sushruta, tabibu ambaye kitabu hicho kina jina lake, hakuandika mafuta ya kupaka wala unga wa kunywa. Aliagiza kukata, kisha kuchoma kwa kshara, dawa kali ya majivu, au kwa moto, taratibu na kwa akili. Yaani upasuaji mdogo, mkononi mwa mtu aliyefundishwa. Kwa hiyo jibu la swali lako la pili ni kwamba Ayurveda inaondoa vidoti kwa njia ile ile ambayo hospitali inaviondoa, na anayekuambia Ayurveda ina krimu ya kuyeyusha kidoti anaisingizia.

Hiyo kshara ndiyo babu wa dawa uliyopewa. Ilitengenezwa kwa kuchoma miti na magugu fulani, miongoni mwake apamarga, lile gugu ambalo hata huku lipo na mbegu zake hunasa kwenye sketi ukipita kichakani. Majivu yanalowekwa, maji yake yanachujwa, yanachemshwa, kisha inaongezwa chokaa ya makombe na mawe yaliyochomwa. Maji ya majivu yakikutana na chokaa hubadilika kuwa alkali kali sana. Sasa tazama alichokuchanganyia huyo dada. Magadi yetu, yale ya Ziwa Natron tunayotia kwenye makande na kiburu ili yaive upesi, kwa sehemu kubwa ni sodiamu kabonati. Ukiyachanganya na chokaa na maji, vinatengeneza kostiki soda, ile ile wanayoitumia watengeneza sabuni wakiwa wamevaa glavu na miwani. Kila kimoja peke yake unaweza kukikuta jikoni au dukani, ukadhani mchanganyiko wake hauna neno. Manjano hapo ni rangi tu ya kumfanya mtu aamini.

Lakini hata huko kwenye kitabu, kshara haikuachwa usoni usiku kucha. Ilikuwa na daraja tatu: laini, ya kati na kali. Ilipakwa, tabibu akasubiri muda wa kutamka silabi mia moja, ambao ni muda mfupi sana, akatazama rangi: pakigeuka kuwa rangi ya zambarau lililoiva, basi imetosha, inafutwa na kuzimwa kwa kitu kichachu, kisha panapakwa samli. Alikatazwa kuwapaka watoto, wazee, wajawazito na watu dhaifu. Na kitabu kinaonya kwamba kshara mikononi mwa asiyejua ni sawa na sumu, moto, silaha na radi. Wewe ulipewa kwenye kopo, bila kipimo, ukaambiwa ulale nayo. Si ajabu palichoma.

Alkali ina tabia mbaya kuliko asidi. Asidi ikiunguza, mara nyingi inatengeneza gamba linaloizuia isishuke zaidi. Alkali inayeyusha mafuta na protini za ngozi na kuendelea kushuka hata baada ya wewe kufuta kwa juu. Ndiyo maana unaweza kuona alama ndogo leo na shimo wiki ijayo. Kwa ngozi yetu kuna shida mbili zaidi. Ya kwanza ni weusi unaobaki baada ya kidonda, ambao unaweza kukaa miezi mingi na kuonekana kuliko kidoti chenyewe. Ya pili ni keloidi, kovu linalovimba na kutambaa nje ya mipaka ya jeraha. Nimemtibu binti mmoja aliyepaka dawa ya aina hii kwenye kidoti cha taya. Kidoti kilikuwa na ukubwa wa punje ya mtama. Aliponijia alikuwa na keloidi ngumu, inayong'aa, inayowasha usiku, ndefu kama kiungo cha mwisho cha kidole chake, na alikuwa amezoea kukaa huku ameegemeza shavu kiganjani ili isionekane. Tumemchoma sindano za kuisinyaza kwa miezi mingi. Imepungua, haijaisha. Kidoti kile hakikuwa na ubaya wowote.

Na liko jambo ambalo halionekani kwenye kioo. Kidoti kikiunguzwa nyumbani hakibaki kitu cha kupima. Kama kilikuwa salama, umebahatika. Kama kilikuwa saratani inayoanza, umeondoa kofia yake na kuiacha mizizi chini ya kovu, ambako daktari hawezi tena kuiona, na itaendelea kimya kimya.

Ukiingia mtandaoni utakutana na nyingine nyingi zinazopewa jina la Ayurveda: kitunguu saumu kilichopondwa na kufungwa kwa plasta usiku, mafuta ya nyonyo na baking soda, maji ya ndimu, mafuta ya bhallataka. Kitunguu saumu kinaunguza, nimeona malengelenge yake. Ndimu ikikutana na jua inaacha mabaka meusi. Mafuta ya nyonyo na baking soda hayana la kufanya zaidi ya kukukera ngozi. Bhallataka ni ndugu wa korosho, na mtu yeyote wa Mtwara atakwambia mafuta ya ganda la korosho yanavyobabua midomo na vidole. Matabibu wa Ayurveda wenyewe huisafisha kwa hatua nyingi kabla ya kuigusa. Wewe usiiguse.

Ukitaka vijipele vya mashavuni viondolewe, njia ipo na si ya kutisha. Daktari anavitazama kwanza kwa kioo maalumu chenye mwanga. Vile vyenye kijikonyo anavikata kwa mkasi mdogo uliopinda. Vilivyokaa bapa anapaka krimu ya ganzi, anasubiri, kisha anavigusa kwa ncha ya umeme iliyowekwa nguvu ya chini kabisa, kwa sekunde moja au mbili kila kimoja. Vinakuwa vijigaga vidogo, vinadondoka vyenyewe ndani ya wiki moja hivi au zaidi kidogo. Daktari mwangalifu ataanza na viwili vitatu vya karibu na sikio, akuache wiki kadhaa aone ngozi yako inaponaje, ndipo aendelee na vingine. Akitaka kumaliza uso mzima siku ya kwanza bila hata kukuuliza kama kwenu kuna mtu mwenye keloidi, shukuru na uondoke. Ujue pia kwamba vilivyoondolewa havirudi kwa kawaida, lakini vipya vitaota, kwa sababu ni vya kurithi. Kile cha pua, ukiamua kukitoa, kinakatwa kwa kisu kwa ganzi ya sindano, panashonwa, na kinyama kinapelekwa maabara hata kama kinaonekana salama.

Hapa Moshi, hospitali ya KCMC ina kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992, na kimewafundisha wataalamu wa ngozi wa nchi nyingi za Afrika. Kwa hiyo huna haja ya kwenda mbali. Ila kwa harusi ya miezi mitatu, na shavu ambalo bado lina kidonda, ushauri wangu ni kwamba usiondoe chochote sasa. Weusi wa baada ya kuchomwa unahitaji wiki nyingi, wakati mwingine miezi, kufifia. Acha shavu lipone, olewa na vidoti vyako, kisha ukitulia uje tuvifanye bila haraka. Mpambaji mzuri anaweza kuvifunika kama utataka siku hiyo, ingawa mimi nikimwona bibi harusi mwenye vidoti mashavuni naona uso wa familia yake.

Tukija kwenye kung'arisha ngozi, hapo Ayurveda ina mengi ya kukupa, na nafurahi kuyasema. Ayurveda inagawa ngozi kwa tabia tatu. Ya vata ni kavu, nyembamba, inapauka upesi kwenye upepo wa Juni na Julai wa Arusha. Ya pitta ni ya joto, inawasha, inatoa vipele kwa urahisi na haivumilii jua. Ya kapha ni nene, ina mafuta, vinyweleo vyake vinaonekana. Sisemi kwamba vata, pitta na kapha ni vitu unavyoweza kuvipima maabara. Nasema mgawo huo unamlazimisha mtu aitazame ngozi yake kabla ya kununua kitu, na hilo peke yake linazuia makosa mengi. Mtu wa mafuta mengi anayejipaka mafuta ya nazi usoni kila usiku kwa sababu jirani yake yamempendeza, ataziba vinyweleo na kuota chunusi. Mwenye ngozi kavu anayejisugua na unga wa dengu kila siku atapasuka.

Ninachoweza kukupendekezea ni ubtan, ile scrabu ya maharusi wa Kihindi, ambayo ni jamaa wa karibu wa singo na liwa za bibi zetu wa pwani. Chukua vijiko viwili vya chakula vya unga wa dengu, ule ule wa kupikia bajia. Ongeza manjano kiasi cha ncha ya kijiko cha chai, usizidishe, yanaacha rangi kwenye ngozi na kwenye gauni. Kama ngozi yako ni kavu changanya kwa maziwa fresh na matone machache ya mafuta ya ufuta, kama ina mafuta changanya kwa mtindi, kama inawasha changanya kwa maji ya waridi. Jaribu kwanza upande wa ndani wa kiwiko, usubiri siku moja. Pakiwa salama, paka usoni na shingoni, lakini si kwenye lile gaga na si karibu na macho. Usingoje ikauke hadi inakaza. Ikiwa bado na unyevu kidogo, lowesha vidole, uiondoe kwa mizunguko mepesi, halafu suuza kwa maji ya vuguvugu. Mara moja kwa wiki inatosha, mbili kama ngozi yako ni ya mafuta. Kwa manjano, nunua mzizi mzima pale sokoni Kilombero, uukaushe na kuutwanga mwenyewe, kwa sababu ya unga yenye rangi kali mno mara nyingine imeongezwa rangi.

Shubiri mbichi ni nzuri kwa ngozi iliyoungua na jua, ila kwanza acha yale maji ya njano yatiririke yaishe, yanawasha, utumie utomvu mweupe wa ndani tu. Mwarobaini una nguvu na uutumie kwa adabu: majani machache yaliyochemshwa, maji yakapoa, unaosha nayo uso wenye vipele. Mafuta yake yanachanganywa na mafuta mengine, na hayanywewi kamwe, hasa na mtoto au mjamzito. Sandali na urukususu, ule mzizi mtamu, vinapatikana kwenye krimu nyingi za Kihindi za uso, na urukususu hata watengenezaji wa vipodozi vya kisasa wanautumia kufifisha madoa. Kuhusu kumkumadi, yale mafuta ya zafarani yanayouzwa ghali kwenye vichupa vidogo, yanalainisha na kunukia vizuri kwa ngozi kavu. Hayawezi kuondoa kidoti, kwa sababu hakuna mafuta yanayoshuka hadi kwenye seli za kidoti bila kuharibu ngozi ya juu yake. Lile katazo la kutokula samaki na maziwa pamoja lipo kweli kwenye Ayurveda, na ukilifuata halikudhuru, lakini halijathibitika kuleta au kuondoa doa lolote.

Ila ubtan ya mwezi mzima inaweza kufutwa na jua la saa chache. Nguvu ya mionzi inaongezeka takriban asilimia 10 kila ukipanda mita 1,000, na Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, karibu na ikweta. Ubaridi wa huko unawadanganya watu, wanadhani jua halipo. Vaa kofia, tembea upande wa kivuli, na paka losheni ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi, kiasi cha mistari miwili inayojaza vidole viwili kwa uso na shingo, na urudie mchana kama uko nje. Nataka sana watu weusi waache kufikiri kwamba losheni hiyo ni ya wazungu na ya ndugu zetu wenye ualbino tu. Wao wanaihitaji ili kuokoa maisha, na hapa Moshi inatengenezwa kwa ajili yao. Wewe unaihitaji ili alama ya shavuni isibaki.

Na tafadhali mwanangu, mkorogo usiuguse. Najua shinikizo la wiki za kabla ya send-off, mashangazi na mashoga wanakuja kila mmoja na kopo lake. Krimu isiyo na orodha ya viambato, isiyo na alama ya TBS, inayokung'arisha ndani ya siku tano, mara nyingi ina steroidi kali, haidrokwinoni au zebaki. Itakupendeza kwenye picha za send-off, kisha ngozi itakuwa nyembamba, itaota vipele na kuwasha utakapoiacha.

Vimebaki vidonge vya kusafisha damu, na hapa sina lugha laini. Usivinywe. Ndani ya Ayurveda lipo tawi la dawa za madini, rasashastra, linalotumia zebaki, risasi na vingine vilivyochomwa kwa taratibu ndefu. Matabibu wake wanasema madini hayo yamesafishwa. Vipimo vimeonyesha vingine. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya bidhaa 70 za Ayurveda zilizonunuliwa madukani Boston, na 14 kati yake zilikutwa na risasi, zebaki au aseniki. Risasi inavuka kondo la nyuma na kuharibu ubongo wa mtoto aliye tumboni, zebaki inaharibu figo. Wewe unaolewa baada ya miezi mitatu, huenda ukabeba mimba mapema, na risasi ikishaingia kwenye mifupa hukaa miaka. Kama unapenda kutibiwa na tabibu wa Ayurveda, ni haki yako, lakini muulize kama amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, ambalo lipo kwa sheria ya mwaka 2002, na akupe dawa yenye jina, viambato na mtengenezaji. Anayekupa vidonge kwenye karatasi ya daftari hana cha kukuonyesha.

Kama umeshavinywa, hata kwa siku chache, usivitupe. Vifunge kwenye mfuko pamoja na lile kopo la chokaa, uviweke mbali na watoto, na uvipeleke kwa daktari atakayelitazama shavu lako. Mwambie ulivinywa kwa muda gani, mwambie unatarajia kupata mtoto lini, na mwombe akupime figo.